Hata Asiyekufa Ana Kitovu

Bibi yangu akitusimulia kisa cha Fumo Liongo, sauti yake ilikuwa ikishuka kila anapofika kwenye sindano. Tulikuwa wajukuu watano kwenye mkeka mmoja, katika nyumba ya Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, stima zimepotea na joto limetanda. Alikuwa akichukua pembe ya leso yake, akiikunja mpaka iwe nyembamba, kisha anambonyeza nayo kitovuni yeyote aliyelala karibu naye. "Hapa," anasema. "Si kifuani, si shingoni. Hapa." Nimekuwa mtu mzima, nimesoma visa vya wasiokufa kutoka pembe nyingi za dunia, na kila mara narudi kwenye leso ile. Bibi alikuwa ameshika jambo ambalo waandishi wengi wa hadithi za kifantasia wanalipita bila kuliona.

Nimelikumbuka kwa sababu ya mswada. Miezi michache iliyopita, binti mmoja anayesoma chuo aliniletea riwaya yake, kurasa 214 zilizobanwa kwa waya kwenye duka la fotokopi. Tulikaa barazani baada ya Alasiri, kahawa chungu mbele yetu, kashata mbili kwenye kisahani. "Shikamoo Mwalimu," alisema, akaniwekea mzigo ule mapajani, akatazama pembeni kama mtu aliyemkabidhi daktari mtoto wake.

Ulimwengu alioubuni unapendeza. Chini ya maji ya Kilindini kuna mji wa matumbawe, na wenyeji wake wanaitwa Wadumu. Walikunywa kwenye chemchemi moja zamani za kale, tangu hapo hawafi. Shujaa ni mwanamke, Mwana Hidaya, mwenye umri wa miaka 600. Lugha ya binti huyu ni tamu, ana jicho la kuona vitu vidogo: namna mwanga unavyokatika ukishuka majini, namna mwanamke anavyofunga buibui akiwa na hasira. Lakini Mwana Hidaya anachomwa kisu, kidonda kinajifunga. Anatupwa kutoka juu ya mnara, anasimama na kujipangusa. Anatiliwa sumu kwenye sharubati, anaimaliza gilasi. Nilipofika sura ya nne nilitambua kwamba sikuwa nikihofia lolote. Maadui walikuwa wakiongezeka, panga zilikuwa zikizidi urefu, na mimi nilikuwa nikifungua kurasa kwa adabu tu.

Nilimwambia hivyo. Hakushangaa, alikuwa ameshaambiwa na wenzake. "Sasa nimpe udhaifu gani, Mwalimu?" akaniuliza. "Moto? Chuma? Chumvi?" Alikuwa akivitaja kama mtu anayechagua kitambaa Biashara Street, akishika hiki na kuacha kile. Hapo ndipo naona tatizo lilipo, na si lake peke yake. Hadithi nyingi za vijana wetu zinazopita kwenye simu zina shujaa asiyekufa, na udhaifu wake umebandikwa baadaye kama kiraka. Jiwe fulani la kijani. Mwezi ukiwa mwekundu. Kwa nini jiwe, kwa nini kijani? Mwandishi hana jibu, alihitaji tu mlango wa kuumalizia mchezo.

Mtazame Liongo sasa. Mshairi, mpiga upinde, mtu wa Pate na pwani ya Ozi, mwenye kimo cha kutisha na madai ya ufalme yaliyomkosesha mtawala usingizi. Silaha haimwingii. Kitu kimoja tu kinaweza kumuua: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kila mtoto wa pwani amesikia hayo, na kwa sababu ameyasikia mapema mno hajiulizi kwa nini kitovu.

Kitovu ni kovu la kwanza la mtu. Hapo ndipo alipokuwa amefungwa kwa mwili wa mwingine, akala kupitia kwake, akapumua kupitia kwake, kisha akakatwa. Kwetu mtu akitaka kusema yeye ni wa mahali fulani kikweli, hasemi ana kiwanja pale wala kitambulisho. Anasema kitovu chake kimezikwa pale. Mwili wote wa Liongo ulikuwa umefungwa dhidi ya dunia, ila ile nukta moja inayoshuhudia kwamba aliwahi kuwa sehemu ya mtu mwingine. Mlango wa mauti uko palepale palipokuwa mlango wa uhai.

Na nani aliyeijua siri? Adui hakuipata kwa upelelezi. Aliyeiuliza ni damu yake. Masimulizi mengine yanasema mwanawe, mengine mpwawe, aliyeahidiwa makuu na wakubwa wa mji. Katika simulizi mojawapo Liongo anamshuku kijana waziwazi, anamwambia huenda umetumwa uniue, na bado anamjibu. Nimelitafakari jibu lile kwa miaka. Mtu asiyepenyeka kwa mkuki anajifungua mwenyewe kwa mtoto, akijua. Huwezi kuandika hivyo ukianza na chumvi au jiwe la kijani.

Wagiriki nao waliugusa ukweli huohuo. Achilles alichovywa mtoni na mamake ili mwili wake usidhurike, na kisigino kikabaki kikavu kwa sababu ndipo mkono wa mama ulipomshika. Ni mkono uleule, wa mapenzi, ulioacha tundu. Warusi wana Koschei, ambaye mauti yake yamefichwa kwenye ncha ya sindano, sindano ndani ya yai, yai ndani ya bata, bata ndani ya sungura, sungura ndani ya sanduku, kwenye kisiwa cha mbali. Ulinzi wa namna hiyo ungemshinda hata aliyeijenga Fort Jesus, ngome yetu ya Mombasa. Lakini siri ile inatoka kinywani mwake, anamwambia mwanamke aliyemteka, akitaka kupendwa. Sindano ya Pate na sindano ya Urusi hazikukutana, nadhani, na zote mbili zimepita kwenye njia moja.

Kwa hiyo nikamwambia binti: usitafute kitu kitakachomuua Mwana Hidaya. Tafuta nani aliyewahi kumshika.

Kabla ya hapo lakini kuna jambo la kuwekwa sawa, nalo ni la ufundi. Waandishi wanachanganya mambo matatu: kutozeeka, kutouawa na kutokwisha. Mtu anaweza kuwa na moja bila mengine. Katika ngano za Kigiriki, Eos, mungu wa alfajiri, alimwombea mpenzi wake Tithonus asife, akasahau kumwombea ujana. Tithonus akanyauka mwaka baada ya mwaka mpaka akabaki sauti tu chumbani. Ombi moja, neno moja limesahaulika, na humo mna hadithi nzima. Baharini nako kuna aina moja ya konyeza, yule kiumbe laini kama ute. Wataalamu wanaiita Turritopsis dohrnii. Akijeruhiwa au akikosa chakula anaweza kuurudisha mwili wake kwenye hali ya uchanga na kuanza upya. Huyo hazeeki kwa maana tuliyoizoea. Samaki akimmeza amekwisha.

J.R.R. Tolkien, profesa Mwingereza aliyefariki 1973, aliwahi kueleza kwamba kiini cha kazi yake kilikuwa mauti na kutokufa, na unaiona kazi aliyoifanya. Watu wake wanaoitwa Elves, wale wasiozeeka, wanaweza kuuawa kwa upanga na wanaweza kufa kwa huzuni. Roho zao haziondoki duniani. Zinabaki zimefungwa kwa dunia ile mpaka dunia yenyewe iishe, zikilemewa na kumbukumbu. Binadamu wanaokufa ndio wanaotoka, na mauti yao yanaitwa zawadi. Aliuweka mpaka kwenye dunia yenyewe: asiyekufa anaumwa kila mti unapokatwa, kwa sababu hana pengine pa kwenda. Si lazima ukubaliane na imani iliyo nyuma yake. Jambo la kujifunza ni kwamba hakuiacha sheria ile bila kuulizia bei yake.

Ila anayenifaa zaidi kwa Mombasa ni Jonathan Swift, na nasikitika kwamba wengi waliosoma Safari za Gulliver shuleni walisoma toleo fupi lenye vibete na majitu tu. Katika kitabu hicho cha 1726 kuna watu wanaoitwa Struldbrugg. Hawafi, lakini wanazeeka. Wakifika miaka 80 sheria inawahesabu kuwa wafu, na mali yao inachukuliwa na warithi. Wakipita miaka 200 hawawezi tena kuzungumza na watu wa mitaani, kwa sababu lugha imebadilika na wao wamebaki na ya zamani. Wanaishi kama wageni katika nchi yao wenyewe.

Hilo la lugha mtu wa Mji wa Kale analielewa bila kufafanuliwa. Tembea Ndia Kuu. Jina lenyewe ni Kimvita cha wazee, ndia badala ya njia, limebaki ukutani wakati vijana wanaopita chini yake wanasema njia, na wengine wanasema rodi. Sasa mweke Mwana Hidaya hapo. Alikuwa mtu mzima Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1498. Alinusa moshi 1505, Francisco de Almeida alipouchoma mji. Aliwaona mafundi wakianza kuichonga miamba ya ngome 1593, akahesabu miezi ya kuzingirwa kwake kuanzia 1696 hadi 1698, njaa na maradhi vikiwamaliza waliokuwa ndani. Alisikia nyundo za reli. Mwanamke huyo angezungumza vipi na muuza mhogo wa leo? Mashairi yanayohusishwa na Liongo tunayasoma kwa msaada wa wafasiri, na sisi ni wajukuu wa lugha ileile. Katika mswada, Mwana Hidaya anapanda juu, anaingia Marikiti, anaongea Kiswahili cha simu ya mkononi. Nilichora mstari hapo kwa penseli. Kila rafiki aliyemfundisha neno amekufa na neno hilo. Anapaswa kufungua kinywa na watu wacheke, au wadhani anasoma dua.

Na kumbukumbu je? Mibuyu mikongwe iliyoko Mama Ngina, kando ya bahari, ina mashina yenye uwazi ambamo mtoto anaweza kujificha. Mbuyu unaishi karne nyingi, na kadiri unavyoishi ndivyo unavyobaki na nafasi tupu katikati. Sidhani mtu anaweza kubeba nyuso za miaka 600 bila kuwa hivyo. Ama anasahau, na hapo ni nani hasa ambaye hajafa? Ama hasahau, na hapo kila barabara ina maiti. Mwandishi achague, asikwepe.

Jambo la mirathi ndilo lililonishughulisha jioni nzima, na binti hakulitarajia. Nilimwuliza: nyumba hii ya Mwana Hidaya ni ya nani? Akasema yake. Na wazazi wake? Wapo, wao pia ni Wadumu. Basi nyumba ni ya wazazi, nikamwambia, na kabla yao ni ya babu, na babu yupo. Katika mji wa chini hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kurithi. Fikiria nyumba zetu za Mji wa Kale, ndugu 14 na orofa 3, kila mmoja na fungu lake: thumuni ya mjane kama marehemu ameacha watoto, mwanamume na mafungu mawili ya mwanamke. Watu wanagombana, kweli, lakini mali inasogea. Chumba kinapata mtu mpya, mlango unapakwa rangi nyingine. Mahali ambapo hakuna anayekufa mirathi haifunguliwi, na kijana wa miaka 300 bado ni mtoto wa nyumbani anayeomba ruhusa. Hakuna eda, hakuna hitima, hakuna anayepewa jina la marehemu babu. Watoto wa Wadumu wanaitwa kina nani? Binti alinyamaza, akaandika kitu kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Kuna jambo la kisima pia, na hapa sitaki kupita haraka.

Liongo alipochomwa hakufia kitandani. Alichukua upinde wake, akaenda kwenye kisima ambacho mji wote ulikuwa ukiteka maji, akapiga goti, akatia mshale, akavuta. Akafa vilevile, goti chini na mshale umeelekezwa. Watu wakimwona kwa mbali wanadhani yu hai. Hakuna aliyethubutu kusogea. Siku zikapita, mitungi mitupu, mpaka mamake akaombwa aende akambembeleze mwanawe awape watu nafasi wateke. Akaenda, akasema naye, hakujibiwa. Walikuja kujua kweli alipoanguka, na sindano ikaonekana.

Yeyote aliyekaa Mji wa Kale mifereji ikiwa mikavu anajua hiyo ni adhabu gani. Unasikia magurudumu ya mkokoteni wa maji tangu kona ya mbali, mitungi ya lita 20 ikigongana, na madirisha ya juu yanafunguka moja baada ya jingine. Mwanamke anashuka ngazi na ndoo kabla hajajua bei. Mwenye mkokoteni amelowa mgongo mzima, shati limeganda, na mtungi wa mwisho anaubeba begani mpaka orofa ya tatu kwa sababu mwenye nyumba ni mzee. Huyo ndiye mtu ninayemtafuta katika kila riwaya ya wasiokufa, na simpati.

Maana mtu akikaa milele, anakaa mahali. Anakaa kwenye kisima cha watu. Riwaya ikinionyesha mfalme wa miaka elfu moja kwenye kiti chake, nataka kujua ni nani amengojea nje kwa miaka hiyo elfu. Hata katika kisa cha Liongo, siku alipokuwa kifungoni, aliyemletea mkate wenye tupa ndani yake ya kukatia minyororo ni kijakazi, Saada. Asingebeba yeye mkate ule, shujaa angeozea gerezani na kutopenyeka kwake. Kaburi la Liongo watu wanalitaja huko Ozi. La Saada sijawahi kusikia mtu akiliuliza. Binti alikuwa amejaza mji wa chini na watu wazuri wasio na mwisho, na hakukuwa na hata mmoja aliyebeba kitu.

Wako wazee wanaoniambia kwamba hadithi za namna hii hazifai, kwamba kila nafsi itaonja mauti na kuandika kinyume chake ni kucheza na imani. Nawaheshimu, na siwachukulii kijuujuu. Ila naona masimulizi yetu wenyewe hayakuliogopa swali hili. Wazee wamesimulia tangu zamani juu ya Hidhri, mja mwema aliyekunywa maji ya uhai. Majini tunaambiwa wanaishi muda mrefu kuliko sisi, na wanakufa. Na Iblisi alipoomba muhula alipewa, lakini alipewa mpaka siku ya wakati maalumu. Hata ombi lile lilijibiwa kwa mpaka. Mwandishi anayembuni asiyekufa kisha akautafuta mpaka wake kwa bidii hajaikimbia aya. Anayeiharibu kazi, kwa imani na kwa sanaa pia, ni yule anayesahau kwamba mpaka upo. Afadhali binti huyu aandike vibaya mara tatu kuliko kuacha, kwa sababu wapo wachache mno wanaothubutu kuuweka ulimwengu wa ajabu kwenye maji yetu, kwa majina yetu.

Amerudi juzi. Sura ya tatu ameiandika upya yote. Mwana Hidaya sasa amesimama nje ya ukuta wa makaburi ya Kikowani, ndani ya buibui, kwa sababu wanawake hawaendi kuzika. Anayezikwa ni kitukuu cha vitukuu vyake, mzee wa miaka 81, mwuza samaki, ambaye hakuwahi kujua bibi yule wa dirisha la jirani ni nani wake. Anasikia jembe likigonga mawe ya matumbawe. Anasikia wanaume wakiitikia dua. Anahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, amefika 19, na mmoja katikati hakumbuki jina lake. Nilisoma kurasa zile nikasahau kahawa.

"Mchimba kaburi nimpe jina, Mwalimu?"

"Mpe, mwanangu. Na umwambie msomaji analipwa na nani."

Akaandika pembeni. Kisha akasema amelifikiria lile la kitovu. Mwana Hidaya alizaliwa juu, kabla ya chemchemi, na kitovu chake kilizikwa mahali fulani kisiwani. Atakayelifukua eneo hilo ndiye atakayeweza kummaliza, na yeye mwenyewe hapajui. Nikamwuliza nani anapajua.

"Aliyekizika ni mamake. Na mamake alikufa."

"Si ulisema wazazi wake wote ni Wadumu?"

"Nilikosea," akasema. "Mamake alipelekwa mpaka kwenye chemchemi, akapewa kata mkononi. Akairudisha."

"Kwa nini?"

Akafungua ukurasa mtupu mwisho wa daftari, akaukunja vizuri ukingoni, akaanza kuandika.